Nukta Saba Ubavuni

Elieshi Mbise alikuwa na miaka hamsini na mbili, na ishirini na tisa kati ya hiyo alikuwa ameitumia nyuma ya cherehani pale Ngarenaro, katika chumba kilichobanwa kati ya karakana ya kuchomelea mageti na duka la vipuri vya pikipiki. Magauni aliwaachia mafundi wengine. Yeye alishona shela, lesi za mikono, na kupachika vile vishanga vidogo vinavyotaka jicho kuliko mkono. Wanawake wa rika lake walikwisha kuanza kuvaa miwani. Yeye bado alitia uzi katika tundu la sindano huku akizungumza na mteja, wala hakukosea.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili aliingia msichana mrefu, mabuti ya mvua miguuni ingawa nje lilikuwa jua kali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Harusi lini?"

Msichana akacheka. "Hakuna harusi, mama. Nimeletwa na hiki." Akatoa begini wavu mdogo uliofungwa kwenye mduara wa waya, umechanika pembeni. Alijitambulisha kuwa anaitwa Catherine, mtafiti wa viumbe wa mito, na kwamba tangu mwaka juzi alikuwa akihangaika na vifaranga.

"Vya kuku?"

"Vya samaki, mama. Huu wavu unawachubua. Wananifia mkononi kabla sijawatambua."

Elieshi akaufikicha wavu kati ya vidole viwili. Ulikuwa mgumu kama kitambaa cha kuchekechea unga. "Hao samaki wana ukubwa gani?"

Catherine akatazama juu ya meza, akaokota kipande cha uzi mweupe, akakikata kwa mkasi hadi kikawa kifupi kuliko punje ya mchele. Akakiweka kwenye kiganja cha fundi. "Hivyo."

Elieshi alikitazama kile kipande. Kisha akauliza ni mto gani huo wenye samaki wa namna hiyo. Catherine akaeleza: Nkoaranga, kijito kinachoshuka kutoka msituni, hadi mahali palipo na daraja la magogo mawili, chini ya shamba la kahawa lililopakana na njia ya kwenda kanisani.

"Shamba la kahawa lenye mgomba mmoja mnene katikati ya njia?"

"Hilohilo."

"Hilo ni la baba yangu," Elieshi akasema.

Aliogea katika maji yale tangu anajua kutembea hadi alipoolewa. Alichota maji pale, alifulia nepi za wadogo zake pale. Kwao samaki hakuwa chakula, na hakuna aliyewahi kumtazama aliyepita mguuni. Kwamba mtu angetoka mbali, akavaa mabuti, akauliza habari za kijito kile kana kwamba kuna kitu ndani yake, lilikuwa jambo ambalo hakujua alipokee vipi.

"Nitakushonea," alisema mwishowe, "kwa kitambaa cha shela, kile laini cha ndani. Lakini siku ya kuujaribu nitakuja nao mwenyewe. Sijawahi kushona nguo bila kumwona atakayeivaa."

Wakaenda Jumamosi. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa, kama yanavyokuwa siku zote yanayotoka juu ya Meru. Catherine aliingia katikati, pale yanaporuka mawe kwa kelele, akateka kwa wavu mpya mara kumi, mara ishirini. Hakuna kitu. Katika kupumzika akamweleza Elieshi alichokuwa anatafuta. Palikuwa na samaki mdogo, hafiki urefu wa kidole cha kati, mwenye mdomo ulio chini ya kichwa, wa duara, ambao anautumia kujibandika kwenye jiwe ili maji yasimchukue. Ndugu yake, anayefanana naye sana, alikuwa mwingi katika mito ya chini. Lakini huyu wa juu alikuwa katika orodha ya wanaokaribia kutoweka. Kwa miaka miwili Catherine alikuwa amepata wanne tu, wote wakubwa, wote katika maji haya ya kasi. Kifaranga wao hata mmoja hakuwahi kumtambua.

"Kwa hiyo huenda hao wanne ni wazee wasio na wajukuu," Elieshi akasema.

"Hicho ndicho kinachoninyima raha, mama."

Miguu ya Elieshi ilikuwa imechoka. Akavua viatu, akaketi ukingoni kwenye jiwe lenye kuvumwani, mahali ambapo maji hayakuwa maji hasa bali utando tu, kina cha kidole, yakitiririka polepole juu ya mawe kuelekea kwenye mizizi ya mkuyu. Alikuwa ananyoosha mgongo alipoona uzi. Kipande cha uzi mweupe juu ya jiwe jeusi. Akadhani kimemdondoka kwenye nguo, maana fundi huwa hatembei bila nyuzi mwilini. Akanyoosha kidole akiokote.

Uzi ukasogea. Haukufuata maji, ulipanda, kinyume chake.

"Catherine," akaita kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Uzi hauendi kinyume cha maji, au unakwenda?"

Catherine alikuja akichechemea juu ya mawe, akapiga magoti, akateleza, akapiga magoti tena. Wakauingiza wavu wa shela chini ya kile kitu taratibu, wakakihamishia kwenye beseni jeupe, na Catherine akampa Elieshi lenzi ya mkononi. "Tazama wewe kwanza. Ni wako."

Elieshi aliinamisha uso. Mwanzoni aliona macho mawili tu, meusi, yamekaa juu ya kichwa. Halafu mwili ukajitokeza, nao ulikuwa angavu kama kioo, hata rangi ya beseni ilionekana upande wa pili. Uti wa mgongo ulikuwa mstari mwembamba kuliko unywele. Na nyuma tu ya kichwa, ndani ya mwili ule usio na rangi, palikuwa na tone jekundu, dogo kuliko ncha ya sindano, linafumba na kufumbua, linafumba na kufumbua.

"Hicho chekundu ni nini?"

"Moyo wake, mama."

Elieshi aliendelea kuinama hadi shingo ikamuuma, na alipoinua kichwa machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuona haya. Miaka yote ile alikanyaga mawe haya. Mioyo kama ile ilikuwa inapiga chini ya nyayo zake, naye akifua nepi.

Tangu siku hiyo alifunga duka kila Jumatano na Jumamosi. Mumewe Manase, fundi mwashi asiye na maneno mengi, alimuuliza mara moja tu kama ana akili timamu, akaridhika na jibu, akawa anajipashia chakula mwenyewe.

Kazi haikuwa rahisi. Catherine alikuwa na vitabu, lakini vitabu vilichora samaki wakubwa. Vifaranga hakuna aliyewachora, na katika umri wa siku chache wote wanafanana: macho mawili na uzi. Katika utando ule wa maji walikuwamo vifaranga wa aina tatu au zaidi. Walio na macho ubavuni Elieshi aliwatenga siku ya kwanza. Wenye sharubu ndefu, watoto wa kambare wa milimani, aliwatenga wiki ya pili. Wakabaki wale wenye mdomo wa duara, ambao yeye aliwaita vishikizo, kwa sababu walijibana kwenye jiwe kama kishikizo kwenye koti, na jina hilo likamwingia hata Catherine.

Lakini vishikizo vyenyewe vilikuwa vya namna mbili: vya samaki adimu, na vya yule ndugu yake wa mito ya chini, ambaye naye alikuwa akipanda hadi huku. Catherine alipima urefu, akapima vichwa, akashindwa. Elieshi yeye alitazama tu. Alitazama kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine kutafuta ulipofichwa ufundi wake. Jumatano ya nne au ya tano, akiwa na lenzi jichoni, akasema, "Hawa hawajapindwa na mkono mmoja."

"Una maana gani, mama?"

"Ubavuni, chini ya mstari wa mgongo. Kuna nukta. Kama pindo la kushikiza kabla hujapiga mashine. Huyu ana tano, zimeachana. Huyu ana saba, zimekaribiana, na ya mwisho imekaa juu ya mkia kabisa. Nimewatazama thelathini. Hakuna mwenye sita."

Catherine alichukua lenzi, akatazama, hakuona. Akatazama tena kwa hadubini kule maabara, ndipo akaziona, rangi hafifu kama alama za penseli zilizofutwa. Akamwandikia mtaalamu mmoja aliyemfundisha zamani. Mtaalamu akajibu kwa heshima kwamba nukta za vifaranga hubadilika hovyo, na kwamba jicho la mtu asiyesomea ni rahisi kuona kile linachotamani kuona.

Elieshi aliposomewa jibu hilo hakukasirika. "Ana haki. Nguo hujulikana ikivaliwa. Tuwalee."

Wakawalea. Catherine aliweka matangi mawili yenye mawe ya kijito na pampu ya kuyazungusha maji, na barafu kwenye chupa ili yabaki baridi. Elieshi aliwagawa vifaranga arobaini kwa jicho lake: nukta saba tangi hili, nukta tano lile. Tisa walikufa. Waliobaki walipata rangi, wakanenepa, na baada ya miezi mitatu na nusu wakawa samaki ambao hata kitabu kingeweza kuwatambua: wa nukta saba ndio wale adimu. Katika thelathini na mmoja, Elieshi alikosea mmoja. Catherine alipompigia simu kumweleza, alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Elieshi kitu cha kwanza alichouliza ni, "Huyo mmoja, nilimkosea wapi?"

Walijua sasa na jambo jingine, ambalo Catherine alisema ni kubwa kuliko nukta. Wakubwa wanaishi kwenye kasi, lakini wadogo hawaiwezi. Miezi yao ya kwanza wanaitumia ukingoni, kwenye ule utando wa maji usiozidi kina cha kidole, juu ya mawe yasiyo na tope, penye kivuli cha mkuyu. Watu wote walikuwa wamewatafuta katikati ya mto. Na mto ukipungua hata kidogo, sehemu ya kwanza kukauka ni ukingo.

Ndipo zikaja habari za banio.

Kaka yake Elieshi, Ephraimu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Kamati ilikuwa imeamua kujenga banio la zege juu kidogo ya daraja la magogo, ili kiangazi maji yote yageukie mferejini, yafike kwenye migomba na kahawa za chini. Elieshi alisikia, akajiambia ataongea na kaka yake baada ya wiki mbili, shela za msimu zikiisha. Hakuwahi. Jumamosi iliyofuata walipofika mtoni waliyakuta maji meupe kama yaliyooshewa ndoo ya maziwa. Mafundi walikuwa wanasafisha makarai yao ya saruji kijitoni. Ukingoni, juu ya mawe yake, vishikizo vilikuwa vimelala ubavu, vimegeuka rangi, vingi, kama vipande vya nyuzi sakafuni mwa duka jioni.

Alipanda kwa Ephraimu akiwa bado na matope miguuni.

"Kaka, mnaua."

Ephraimu alikuwa anapogoa kahawa. Hakuacha. "Tunaua nini?"

"Vifaranga. Mto mzima umekuwa mweupe."

"Elieshi." Sasa akaacha. "Watu arobaini na tisa wapo kwenye mfereji huu. Mwaka jana Mama Jackline alikata migomba yake akalisha ng'ombe kwa sababu haikuwa na maji ya kuzaa. Wewe unakaa mjini, unafungua bomba. Unakuja hapa kuniambia habari za vidudu?"

Yalikuwa kweli, naye Elieshi alijua. Alishuka mlima kwa miguu hadi barabara kuu, Catherine akimfuata nyuma.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada Elieshi hakurudi mjini. Alipita kijitoni, juu ya banio, ambako saruji haikuwa imefika, akatafuta kwa muda mrefu, beseni na lenzi alivyoazima kwa Catherine vikiwa mkononi, gauni lake la kanisani limefungwa magotini. Kisha akaenda kwa kaka yake. Ephraimu alikuwa mezani, bakuli la mtori mbele yake. Elieshi akasalimu, akasogeza bakuli pembeni, akaweka beseni jeupe mahali pake, akamkabidhi lenzi.

"Nini hiki?"

"Tazama tu, kaka. Ukishatazama nitaondoka."

Ephraimu alivuta pumzi kama mtu anayemvumilia mdogo wake, akainama. Alikaa hivyo. Mtori ukaanza kupoa. Mkewe akaja mlangoni, akaona, akabaki palepale na kitambaa cha sahani mkononi.

"Hii damu," Ephraimu akasema hatimaye, bila kuinua kichwa, "inatembea."

"Ndiyo."

"Naiona ikienda hadi mkiani na kurudi."

"Ndiyo, kaka."

"Na hiki kinachopiga." Sauti ilikuwa imebadilika. "Miaka sitini na moja nimekunywa maji haya." Alipoinuka alikuwa na alama ya lenzi kuzunguka jicho. Hakumwangalia dada yake. Alitazama dirishani, upande wa mto. "Wanahitaji maji kiasi gani?"

"Si mengi. Ila yasiondoke ukingoni. Katikati mkitaka kupunguza, punguzeni, lakini upande wa mkuyu mawe yawe na maji ya kina cha kidole, hata Januari. Na makarai ya saruji yasioshwe humo. Na mawe yasichimbwe."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Hayakuwa rahisi kama yalivyotamkwa. Mkutano wa kamati ulichukua saa nne, na Mama Jackline alisimama mara tatu kuuliza kama samaki wanalipa ada ya mfereji. Ephraimu hakubishana. Aliweka beseni juu ya meza, akawaita mmoja mmoja. Wengine walitazama wakaguna, wakarudi kuketi na msimamo wao uleule. Mama Jackline alitazama kwa muda mrefu kuliko wote, akarudi kwenye kiti chake, na hakusimama tena. Mwishowe walikubaliana kuacha pengo upande wa mkuyu, upana wa jembe, lisilozibwa kiangazi wala masika. Na Manase, ambaye alikuwa ameletwa na mkewe kwa ajili ya ushauri wa zege, akasema maneno yake pekee ya siku ile: uso wa banio upande huo usipigwe lipu, upachikwe mawe ya mto, ili ufanane na kilichokuwapo. Ephraimu mwenyewe alipanda masale ukingoni, mche mmoja kila hatua mbili, na mtu wa Meru hahitaji kuelezwa masale yanasema nini: hapa ndipo mwisho, usivuke.

Kiangazi kilikuwa kigumu. Utando ulibaki, lakini mwembamba, na kila walipohesabu walikuta vishikizo vichache kuliko mara iliyopita. Januari walipata kumi na wawili. Februari wanne. Catherine alianza kuzungumza polepole, kama watu wanavyozungumza hospitalini. Elieshi aliendelea kuja.

Masika yalifika wiki ya mwisho ya Machi. Mvua ya siku ya tatu ilipokatika, saa moja asubuhi, simu ya Elieshi ikalia. Alikuwa Ephraimu.

"Njoo."

"Kuna nini, kaka?"

"Usiulize. Njoo na binti yako wa samaki."

Walipanda kwa bodaboda, matope yakiwarukia hadi mabegani. Pale kwenye daraja la magogo walikuta watu wamesimama, kama kumi na tano: wanawake waliokuwa wakienda sokoni na ndizi kichwani, mzee mmoja na mbuzi wake, Mama Jackline na jembe. Macho yao yote yalikuwa kwenye banio. Ephraimu alikuwa ameshika kofia mkononi kama yuko kanisani.

Elieshi alitazama banio na hakuelewa anachokiona. Upande wa mkuyu, pale maji yalipokuwa yanamwagika kutoka kwenye pengo juu ya mawe yaliyopachikwa na Manase, ukuta ulikuwa unatembea. Ulikuwa mweusi, unang'aa, unapanda. Akasogea. Walikuwa vishikizo, si kumi wala mia. Walikuwa wameujaza ukuta kutoka chini hadi juu, wakubwa na wale waliokwisha kupata rangi, kila mmoja amejibandika kwa mdomo, akipumzika, kisha akijitikisa na kupanda upana wa kucha, na kujibandika tena. Maji yalikuwa yanawapiga usoni. Mmoja aliachia, akaanguka hadi chini na wengine watatu aliowagonga, na hao wanne wakaanza upya.

"Walikuwa wapi?" Catherine alinong'ona. "Mama, walikuwa wapi kiangazi chote?" Alikuwa ametoa daftari kuhesabu. Aliandika tarehe, akashindwa kuendelea.

Hakuna aliyejua. Huenda walikuwa chini ya mawe makubwa, huenda mbali huko bondeni ambako wavu haukuwahi kufika. Elieshi alipiga magoti kwenye tope na kusogeza uso hadi matone ya maji yakamlowesha, na kwa ukaribu ule aliweza kusikia: sauti ndogo sana, kama mvua ya manyunyu juu ya majani makavu, ya midomo mamia ikiachia jiwe na kulishika tena. Alimwita kaka yake kwa mkono. Ephraimu naye akapiga magoti, akatega sikio, akafumba macho.

Wa kwanza kufika juu alibaki kwenye ukingo wa pengo kwa muda, mkia ukining'inia hewani. Kisha akatoweka ndani ya maji yaliyotulia nyuma ya banio. Mwanamke mmoja mwenye ndizi akaachia pumzi aliyokuwa ameizuia, na wengine wakacheka kidogo, kwa sauti ya chini, kama wanaocheka ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga.

Ephraimu akainuka. Alikwenda hadi kwenye mlango wa mfereji, akaufunga ubao kwa mikono yake miwili, maji yote yakabaki mtoni.

"Leo mfereji haufunguliwi," akasema. Akamtazama Mama Jackline, akisubiri.

Mama Jackline alikuwa bado anatazama ukuta. "Nani amekuuliza?" akajibu, na kuweka jembe chini ili apate kukaa.